Kila Mtu na Pilipili Yake

Kichwa cha nguruwe kilikuwa kimenuna, na mpaka leo wapo wanaosema hicho ndicho kilicholeta balaa lote.

Nam-hui ndiye aliyetumwa sokoni kukinunua. Mashine mpya haiwashwi hivi hivi tu kama taa ya chooni. Kwanza huwekewa meza, kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, keki za mchele na pombe. Watu wanainama, wanaomba heri, wanamtia nguruwe noti mdomoni, ndipo swichi inabonyezwa. Na nguruwe mwenyewe lazima awe anatabasamu. Lakini siku hiyo lori lililobeba mashine kutoka Daegu lilichelewa, na Nam-hui alipofika kwa muuza nyama vichwa vyote vyenye tabasamu vilikuwa vimeshachukuliwa. Kilikuwa kimebaki kimoja tu, chenye sura ya mtu aliyeamshwa usingizini kudaiwa kodi.

"Huyu mbona amekasirika?" akauliza.

"Amekasirika wapi, mama? Huyo anatafakari," akajibu muuza nyama, huku akimfungia haraka haraka asije akabadili mawazo.

Mama mkwe wake, Bibi Bun-rye, alipokiona kikiwekwa mezani mbele ya mashine ya mwanawe, alisonya. "Mama Dasol, hukuona kingine?"

"Hicho ndicho kilichobaki, mama."

"Mwongezee noti mbili mdomoni. Labda atacheka."

Wakamwongezea. Hakucheka.

Deok-su, mume wa Nam-hui, hakuwa na habari na nguruwe. Alikuwa amevaa suti yake ya harusini na kusimama kando ya mashine, akiifuta kwa leso mahali ambapo hapakuwa na uchafu. Miaka yote alikuwa akichonga vyuma vya mashine zilizochorwa na watu wengine. Hii aliichora mwenyewe kuanzia boliti ya kwanza, na kuitengeneza kulimeza mapato yote ya karakana yao ya Daegu, pamoja na akiba waliyokuwa wamewekea nyumba. Sasa wanaishi vyumba viwili juu ya karakana, na mama mkwe kati yao tangu amalize kuvuna kijijini kwake, na mashine ya kukata chuma ikilia chini ya sakafu.

Yeyote aliyewahi kusaga pilipili kwa Bwana Ki, katika ule mji wa soko bondeni, alijua kwa nini mashine mpya ilihitajika. Ile kuukuu ilikuwa na hopa ya mbao, yaani lile sanduku la juu linalopokea mzigo, nayo iko wazi kabisa. Pilipili hukwama humo kila mara. Bwana Ki huchukua nyundo iliyoning'inizwa kwa kamba, anaipiga hopa ngwa ngwa ngwa, vumbi jekundu linaruka, na foleni nzima inapiga chafya mpaka kamasi. Deok-su alikulia ndani ya vumbi hilo, akiwa ameshika sketi ya mama yake.

Basi akabuni mashine iliyofungwa pande zote. Chuma kisichoshika kutu. Hopa yenye kifuniko na mpira ukingoni. Chini ya hopa, parafujo ndefu ndani ya bomba, inayozunguka polepole na kusukuma pilipili kwa kipimo kile kile mpaka kwenye rola za kusagia. Hakuna nyundo, hakuna chafya. Unamimina huku, unakinga unga kule.

Makubaliano na Bwana Ki yalikuwa mepesi. Mashine inakaa kwake kwa majaribio. Bibi wa bondeni wakiipenda, anainunua, na wenye mashine wenzake, waliokuwa wakimtazama kwa jicho la pembeni, nao wataagiza. Wakiikataa, inarudi ilikotoka. Na Deok-su alikuwa ameshatamka mwenyewe mbele ya mkewe: "Ikirudi, nafunga karakana. Nakwenda kwa Tae-gyu."

Tae-gyu ni mdogo wake Nam-hui, muuza chakula cha mifugo. Alikuwa ameahidi kumpa shemeji yake kazi ya kupima magunia, na hakuacha kukumbusha. Alipiga simu asubuhi ile ile ya dua. "Shemeji, nakutakia kila la heri. Ila ujue kiti chako kipo. Nimekipangusa vumbi."

* * *

Siku hiyo ya dua ilikuwa pia siku ya soko, na msimu wa kimchi, ile kabichi inayochachushwa kwa pilipili ili iliwe majira yote ya baridi, ulikuwa mlangoni. Foleni ilianzia ndani ikatoka nje mpaka kwa muuza viatu. Bibi hao wa bondeni wote migongo imepinda, maana pilipili hupandwa kwa kuinama na huchumwa kwa kuinama, na kila mmoja alikuwa akisukuma kigari cha kubebea mtoto, kuukuu, ambacho mtoto wake alishakua akahamia Seoul. Kigari hicho ndicho mkongojo, ndicho mkokoteni, ndicho kiti. Juu yake gunia la pilipili kavu, na juu ya gunia mkono wa mwenyewe.

Wa kwanza alikuwa Bibi Jeom-nye. Deok-su alimpokea kwa mikono miwili, akammiminia pilipili yake kwenye hopa, akafunga kifuniko, akabonyeza swichi. Mashine ikanguruma kwa adabu. Hakuna aliyepiga chafya. Deok-su akageuka kuutazama umati, tayari kupokea pongezi.

"Iko wapi?" akauliza Bibi Jeom-nye.

"Nini, bibi?"

"Pilipili yangu."

"Imo ndani."

"Ndani wapi?"

"Iko kwenye bomba, inaelekea kwenye rola."

"Wewe unaiona?"

"Siioni, lakini..."

"Huioni! Na mimi siioni. Sasa nani anayeiona?"

Watu wakacheka, na Deok-su naye akacheka kidogo, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Katika bonde lile hakuna mtu anayeacha pilipili yake mashineni akaenda zake kunywa supu. Unasimama nayo tangu ganda la kwanza mpaka unga wa mwisho. Si kwamba Bwana Ki ni mwizi, hata kidogo. Ila asiyekuwepo na lake halipo, na bibi wale walilijua hilo kabla Deok-su hajajua kutambaa.

Unga wa Bibi Jeom-nye ulitoka, mzuri, laini, ukaingia mfukoni. Akaupima kwa mkono, akaukunjia uso, akasema haujatimia. Akasogea pembeni kwa shingo upande. Akaja wa pili, Bibi Mal-sun, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mnada. Pilipili ikamiminwa, kifuniko kikafungwa, na punde unga wa kwanza ukaanguka kwenye mfuko wake. Akachota kidogo kwa kidole, akautazama mwangani.

"Hii siyo yangu!"

"Ni yako, bibi, tumeimimina sasa hivi," akasema Deok-su.

"Siyo yangu! Yangu ni ya jua, nyekundu kama kishungi cha jogoo. Hii imefifia, hii ni ya tanuri la umeme." Akageuka polepole. "Hii ni ya Jeom-nye."

"Tanuri?" Bibi Jeom-nye aliacha kigari chake. "Umeniona lini na tanuri, wewe?"

"Nikuone mara ngapi? Usiku wa Septemba kijiji kizima kinakosa umeme, wewe kwako kunavuma!"

"Jamani, jamani," akaingilia mwanamke mmoja wa nyuma, "pilipili usiyoila yakuwashiani?"

"Ndiyo nitakayoila!" akapiga kelele Bibi Mal-sun. "Ndiyo kimchi yangu ya mwaka mzima!"

Hapo Deok-su akafanya kosa ambalo fundi mwaminifu tu ndiye hulifanya: akaeleza ukweli. Akasema kati ya parafujo na bomba lazima pawe na upenyo mdogo, la sivyo chuma kitakula chuma. Kwenye upenyo huo hubaki pilipili kidogo, ambayo husukumwa na mzigo unaofuata. Si nyingi. Viganja viwili, vitatu.

"Viganja vitatu!" Bibi Jeom-nye akashika kichwa. "Kwa hiyo viganja vyangu vitatu amepewa Mal-sun?"

"Nani anavitaka?"

"Nirudishie!"

"Chukua! Chukua na tanuri lako!"

Ilibidi Bwana Ki aingie katikati, mwanaume mzima na tumbo lake, na kutenganisha bibi wawili ambao ukiwajumlisha hawamfikii kifuani. Kisha, bila kumtazama Deok-su, akaenda kuiwasha mashine kuukuu. Ikakohoa, ikatetemeka, ikatema vumbi. Na vigari vikageuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea kwake.

Kikabaki kimoja. Aliyefuata kwenye foleni ya mashine mpya alikuwa Bibi Bun-rye, na magunia yake mawili.

"Mama, karibu," akasema Deok-su, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Bibi Bun-rye aliitazama mashine. Akamtazama mwanawe ndani ya suti. Akamtazama nguruwe. Umati wote ulinyoosha shingo kusikiliza, na hata Bibi Mal-sun aliziba mdomo.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "mwana ni mwana, na pilipili ni pilipili."

Akageuza kigari, akajiunga na foleni ya mashine kuukuu.

Kicheko kilichopasuka hapo kilisikika mpaka kwa muuza viatu. Nam-hui hakucheka. Aliyaona masikio ya mumewe yakiwa mekundu kupita mzigo wowote uliokuwa mle ndani, akatamani sakafu ipasuke imfiche, yeye na mumewe na nguruwe wao. Baadaye kidogo Bwana Ki aliona joto, akavua koti, akatafuta pa kulitundika. Akalitundika kwenye mashine mpya.

"Fundi," alisema jioni wakifungasha, akijikuna shingo, "sina ubaya na wewe. Lakini bondeni humu mimi si mwenye mashine, mwenye mashine ni hao bibi. Siku ya soko ijayo ikilala tena bila kazi, uichukue. Nahitaji nafasi ya kuweka magunia."

* * *

Waliifungua mashine vipande, wakapakia hopa na bomba la parafujo kwenye gari lao dogo, wakaacha mwili mzito palepale. Kichwa cha nguruwe Bwana Ki alikataa kubaki nacho. Kwa hiyo wakarudi Daegu watatu kwenye kiti cha mbele, mama mkwe katikati, beseni mapajani, nguruwe ndani ya beseni amewanunia wote. Gunia moja la mama mkwe lilikuwa limeshasagwa. La pili alilirudisha, akasema halijakauka vizuri, linataka jua jingine.

Deok-su aliikazia macho barabara njia nzima. Na kesho yake alipoanza kusema, hakusema na mama yake.

"Mama Dasol, mwambie mama chai ipo."

"Mama Dasol," akajibu Bibi Bun-rye aliyeketi palepale, goti kwa goti na mwanawe, "mwambie mwanangu nina macho."

Walikula supu ya kichwa cha nguruwe asubuhi, mchana na jioni. Tae-gyu akapiga simu kuuliza dua ilikwendaje, na Nam-hui akamwambia ilikwenda vizuri sana, kisha akaona haya, kwa kuwa mdogo wake aliuliza papo hapo, "Dada, ukubwa wa koti la kazi la shemeji ni upi?"

Nam-hui alikata simu akaenda kukaa na mama mkwe wake barazani juu, ambapo lile gunia la pili lilikuwa limetandazwa kwenye mkeka. Bibi alikuwa akigeuza pilipili moja moja, kama mtu anayelaza watoto. Nam-hui alikuwa na hasira naye, na aliona heri aiseme.

"Mama, ulimwaibisha mwanao mbele ya soko zima."

"Nilimwaibisha."

"Uliogopa kuibiwa viganja vitatu? Na mwanao mwenyewe?"

"Nani kataja kuibiwa?" Bibi Bun-rye akaacha kugeuza. "Sikiliza, mwanangu. Hii pilipili niliiotesha chumbani nilikokuwa nikilala, nje kuna barafu. Nimeipanda nimeinama, nimeipalilia nimeinama, nimeichuma nimeinama. Mvua ikidondoka nakimbia nayo, mimi nisiyeweza kukimbilia choo. Halafu siku ya mwisho kabisa anakuja mtu, haya, ni mwanangu, anaitia ndani ya bati, anafunga kifuniko, ananiambia kasubiri mlango wa nyuma. Siogopi kuibiwa. Nataka kuisindikiza."

"Kuisindikiza?"

"Mpaka kwenye meno ya mashine. Ikishaingia hapo, basi, nimemaliza yangu. Lile vumbi lake sikuwahi kulipenda. Lakini nilikuwa naiona."

Hasira ya Nam-hui ikapotea, atake asitake. Akateremka karakanani. Deok-su alikuwa ameketi juu ya kipande cha bomba, mikono mitupu, hali ambayo hakuwahi kumkuta nayo tangu waoane.

"Baba Dasol, mama hataki kulinda. Anataka kusindikiza pilipili yake."

"Ndio nini?"

"Aione ikienda. Yote. Mpaka mwisho."

"Kwa hiyo nitoboe mashine?" Akasimama. "Mwanamke, nimekonda nikiifunga! Nilitaka wasipige chafya! Mama yangu ana kifua, kila msimu wa kusaga anakohoa mpaka mwaka mpya. Nimemfungia vumbi lote ndani, halafu mbele ya watu ananiambia pilipili ni pilipili!"

"Ulimwambia kwamba ni kwa ajili ya kifua chake?"

Deok-su akakohoa yeye. "Mambo mengine hayasemwi."

"Basi na yeye yake hakuyasema. Mmefanana kama mapacha. Nyinyi wawili mtaniua."

Akapanda ngazi akimwacha hapo. Asubuhi yake aliamshwa na kelele ya mashine ya kukata chuma chini ya sakafu, akajua kwamba lile bomba refu, lililomgharimu mumewe majira mawili ya usingizi, lilikuwa linakatwa.

* * *

Alichokiweka Deok-su mahali pa parafujo kilikuwa kitu cha kawaida kabisa: trei. Bati lililoinama kidogo, lenye kingo, na chini yake mota ndogo ya kulitikisa, mfano wa mtu anayepepeta ungo. Pilipili ikidondoka juu, inatembea yenyewe, kidogo kidogo, mpaka kwenye rola. Trei haina upenyo wa kuficha kitu. Punje ya mwisho ikipita, bati linabaki tupu, kweupe. Juu yake akapanga kufunika kwa kioo kizito, mwanzo hadi mwisho, na mpira ukingoni, ili vumbi lisitoke.

Haikuwa kazi nyepesi. Mara ya kwanza alipoiwasha, pilipili ziliruka zikamwagikia Nam-hui kichwani. Mara ya pili zilikataa katakata kutembea, zikabaki zinatetemeka mahali pamoja. Deok-su akabadili mwinamo, akabadili springi, akatukana, akabadili tena. Bibi Bun-rye juu alisikia yote na hakuuliza chochote, ila chakula cha mwanawe alikuwa akikifunika kwa bakuli kisipoe, na akimwona Nam-hui anatazama, anajifanya anatafuta chumvi.

Siku moja kabla ya soko, Nam-hui alikuwa anasafisha jikoni, akafuta mstari wa chaki kwenye mwimo wa mlango. Punde Deok-su akapanda na futi mkononi, akasimama hapo kama aliyepigwa shoka.

"Nani kafuta mstari wangu?"

"Mstari gani?"

"Wa chaki! Hapa!"

"Nilidhani uchafu."

"Uchafu! Mtu anapata shida kuupata, wewe unapitisha tambara!"

Nam-hui akamwambia achore mwingine, chaki haijaisha duniani. Lakini hakuchora. Aliegemea ukuta hapo mlangoni, mikono nyuma, akipiga mluzi, kazi yote inamsubiri chini. Akakaa hivyo mpaka mama yake akatoka jikoni na bakuli la maharage yaliyochipua, akasimama mlangoni kuvaa ndala zake, akapita. Nam-hui alipogeuka tena, mstari wa chaki ulikuwa umerudi na mumewe anashuka ngazi mbilimbili. Maskini, akawaza, mawazo yameanza kumchanganya.

* * *

Safari hii hapakuwa na kichwa cha nguruwe. Hela yenyewe iko wapi? Nam-hui alimfunga samaki mkavu kwa uzi mweupe, akamtundika juu ya mlango wa Bwana Ki ili alete heri, wakainama mara moja, basi.

Bwana Ki aliizunguka mashine. Kioo kilipendeza, hilo alikiri, ila akainama, akainama zaidi, akapiga goti. "Fundi, dirisha gani hili? Limekaa chini mno. Nikitaka kuona lazima niombe dua."

"Siyo lako," akasema Deok-su.

Foleni ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza, na yote, mpaka kigari cha mwisho, ilikuwa kwenye mashine kuukuu. Bibi Mal-sun alipita akachungulia kwa mbali, akasema kwa sauti ya kila mtu, "Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," akaenda zake. Chafya zikaanza. Bibi Bun-rye naye alikuwa huko huko, gunia lake la pili kigarini, na zamu yake ilikuwa ikisogea polepole. Alikuwa anakohoa.

Deok-su aliiwasha mashine, ikatikisa trei tupu. Akaizima. Akaipangusa. Saa ya chakula ikapita. Bwana Ki akatazama saa, akatazama magunia yaliyomjaa mpaka mlangoni, akamtazama Nam-hui kwa huruma ambayo ilimuuma kuliko tusi. Ndipo Deok-su akatoka nje kwenye gari na kurudi na kamba ya kufungia mzigo, akaanza kuikunjua bila kumtazama mtu. Akilini Nam-hui aliliona lile koti la kazi la Tae-gyu, aliuona mfuko wake wa kalamu.

Akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake, kwenye foleni ya mashine kuukuu.

"Mama, sikuombi usage. Njoo utazame tu."

"Zamu yangu inafika."

"Mama. Anafunga kamba."

Bibi Bun-rye akageuza shingo, akamwona mwanawe na kamba. Sasa, nafasi ya pili kwenye foleni ya pilipili, siku ya soko, msimu wa kimchi, si kitu cha kuachwa. Watu wameacha wachumba kirahisi zaidi. Alikohoa, akageuza kigari chake, akaja.

Alisimama mbele ya mashine. Hakuinama, wala hakunyoosha shingo. Alisimama kama alivyo, na mgongo wake ulivyo, na kioo kilikuwa sawasawa mbele ya macho yake. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akanyoosha mkono, akagusa ukingo wa chini wa kioo, kisha akaurudisha mkono kwenye kidevu chake. Akagusa ukingo wa juu, akaurudisha kwenye paji la uso.

"Kipimo hiki umekitoa wapi?" akauliza. Hakumtuma Nam-hui. Aliuliza mwenyewe.

"Mlango wa jikoni, mama," akasema Deok-su, akiitazama kamba.

Bibi Bun-rye akakipangusa kioo kwa kiganja. Kisha akaufungua mdomo wa gunia.

"Mimina."

Deok-su akamimina. Kifuniko kikafungwa, mota ikaanza, na pilipili zikatokea chini ya kioo, nyekundu, zikitembea kwa mwendo wa watu wanaotoka harusini. Bibi Bun-rye akaweka uso kiooni, akaanza kutembea nazo pembeni, hatua ndogo ndogo, mkono mmoja kwenye kigari. Akafika nazo kwenye rola. Akarudi mwanzo, akachukua nyingine, akazisindikiza. Hakukohoa. Alipoona gunia limekwisha na punje ya mwisho imedondoka na trei imebaki tupu, alipiga kioo kwa kidole mara moja, kama anayeaga.

Nyuma yake shingo zilikuwa zimegeuka. Halafu kigari kikagonga kigari.

"Bun-rye, sogea, umetazama za kutosha," akasema Bibi Jeom-nye, na kusukuma uso wake kiooni. Nao ukaenea. Akaja jirani yake, ukaenea. Maana wote walikuwa wameinamia mashamba yale yale, kwa miaka ile ile, na wote walikuwa wamefika urefu mmoja.

"Mimi baada ya Jeom-nye sisagi mpaka nihakikishe trei haina kitu!" akapaza sauti Bibi Mal-sun, tayari yuko kwenye foleni.

"Njoo uhakikishe, macho hayana pazia!" akajibu Bibi Jeom-nye.

Bwana Ki alisimama kidogo karibu na mashine kuukuu, akaona amebaki nayo peke yake, akaizima. Vumbi likatulia. Kisha akaja taratibu, tumbo mbele, akapiga magoti yote mawili katikati ya bibi ili naye aone.

Deok-su alikuwa amejibanza kwenye kona na kamba yake, mgongo kwa watu, akijifuta uso kwa mkono wa shati. Bibi Bun-rye akamfuata huko, na mfuko wa unga ukiwa bado wa moto juu ya kigari.

"Sasa mwanangu," akasema, "mashine yako haitoi vumbi hata chembe. Hayo machozi ni ya nini?"

"Pilipili, mama."

"Ehe," akasema Bibi Bun-rye. "Pilipili ni pilipili." Akatoa kitambaa chake kwenye kigari, akampa.